Sura ya Kumi: Shajara na Utunzaji wa Siri

10.1 Shajara ni nini?

Shajara ni daftari ambamo mtu huandika, siku hata siku, mambo aliyoyaona, aliyoyatenda na aliyoyawaza. Nahodha huandika shajara ya safari ya chombo chake. Mkulima hodari huandika siku mvua ilipoanza kunyesha na siku alipopanda mbegu. Shajara za namna hiyo huweza kusomwa na watu wote. Lakini iko shajara ya namna nyingine. Hiyo ni shajara ambayo mtu hujiandikia mwenyewe. Ndani yake hueleza furaha yake, hofu yake na maswali yanayomsumbua. Mawazo hayo ni mali yake, kama vile nguo zake zilivyo mali yake.

Siku hizi watu wengi huandika shajara katika simu au kompyuta. Katika sura hii tutajifunza jinsi maandishi yanavyohifadhiwa ndani ya mashine hizo, jinsi yanavyofungwa ili mtu mwingine asiyasome, na jinsi kufuli dhaifu linavyofunguliwa. Kwanza soma habari ifuatayo.

Rehema ni msichana wa darasa la tano. Nyumbani kwao iko simu moja, nayo ni ya mama yake. Kila jioni Rehema aliazima simu hiyo akaandika shajara. Jioni moja aliandika kuwa ana kigugumizi, kwamba anaogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, na kwamba njiani kwenda shuleni hujizoeza kusema peke yake. Alipomaliza alifunga shajara kwa nambari 1234. Kesho yake Hamisi, kaka yake, alijaribu nambari hiyo, na shajara ikafunguka. Hamisi aliwasomea rafiki zake maneno yale, nao wakacheka. Kwa muda wa siku tatu Rehema alikataa kwenda shuleni.

Hamisi alitenda kosa. Lakini mwanasayansi huuliza pia swali jingine: Ni mlango gani uliokuwa wazi? Tuchunguze milango hiyo mmoja mmoja.

10.2 Herufi ndani ya mashine

Fundi akifungua simu, haoni herufi hata moja ndani yake. Huona vipande vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa njia nyembamba za umeme. Baadhi ya vipande hivyo ni vya kuhifadhi kumbukumbu. Kila kipande kina vyumba vingi mno, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Kwa urahisi, tuseme kuwa kila chumba huweza kuwa katika hali mbili tu, kulingana na chaji ya umeme iliyomo. Hali moja huandikwa 0, na hali ya pili huandikwa 1.

Kwa tarakimu hizo mbili mashine huandika kila kitu. Kila herufi imepewa nambari yake. Herufi kubwa A ni nambari 65, nayo huandikwa hivi: 01000001. Herufi B ni nambari 66, yaani 01000010. Herufi C ni nambari 67, yaani 01000011. Neno BABA lina herufi nne, kwa hiyo huchukua tarakimu 32.

Kumbuka jambo moja muhimu. Mashine haijui siri wala haioni haya. Kwake neno la siri na bei ya vitunguu ni tarakimu tu. Ikiwa haikufungwa, itamwonyesha maandishi yako mtu yeyote aliyeishika.

10.3 Nguvu ya kufuli

Kufuli la shajara ya kompyuta ni nambari au neno ambalo mwenyewe hulijua na wengine hawalijui. Neno hilo huitwa neno la siri au nywila. Nguvu ya kufuli hilo hutokana na nini? Tufanye jaribio.

Jaribio la 1: Kukisia nambari

Vifaa: karatasi na kalamu.

Njia:
1. Kaeni wawili wawili. Mmoja aandike tarakimu moja, kutoka 0 hadi 9, aifiche.
2. Mwenzake akisie mpaka aipate. Hesabuni makisio aliyoyafanya.
3. Rudieni jaribio, lakini sasa mwenye siri aandike tarakimu mbili, kutoka 00 hadi 99.

Umeona nini? Kwa tarakimu moja, makisio hayazidi 10. Kwa tarakimu mbili, huweza kufika 100. Kila tukiongeza tarakimu moja, idadi ya nambari zinazowezekana huzidishwa kwa 10. Tarakimu tatu zina nambari 1,000, na tarakimu nne zina nambari 10,000. Mtu akijaribu nambari moja kila sekunde, atamaliza zote 10,000 kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 40. Kwa sababu hiyo simu nyingi humlazimisha mtu kungoja anapokosea mara kadhaa.

Lakini Hamisi hakujaribu nambari 10,000. Alijaribu moja tu. Alijua kuwa watu wengi huchagua 1234, au 0000, au mwaka waliozaliwa. Kufuli la Rehema lilikuwa na nafasi 10,000, lakini yeye aliuweka ufunguo mahali ambapo kila mtu hutazama kwanza.

Tukitumia herufi badala ya tarakimu, kila nafasi huwa na herufi 26 za kuchagua. Neno la herufi nane zilizochaguliwa ovyo huweza kuandikwa kwa njia 208,827,064,576. Mtu anayejaribu neno moja kila sekunde angehitaji zaidi ya miaka 6,000. Hata hivyo, kompyuta si mtu. Kompyuta inayojaribu maneno 1,000,000 kila sekunde ingemaliza kazi hiyo kwa muda usiofika siku tatu. Tukiongeza herufi nne tu, zikawa herufi 12, kompyuta hiyo hiyo ingehitaji miaka ipatayo 3,000. Tunajifunza kuwa urefu wa neno la siri ni ngao kubwa.

Neno refu husahaulika kwa urahisi. Njia nzuri ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana. Fungua kamusi bila kuchagua ukurasa, uchukue neno moja, kisha urudie. Huweza kupata ungo, twiga, jivu, kengele. Maneno hayo hukumbukwa kwa kutunga picha akilini, lakini ni vigumu kuyakisia. Usitumie maneno haya ya kitabuni, kwa maana wanafunzi wote wameyasoma. Usitumie pia jina lako, jina la mdogo wako, wala jina la shule yako.

10.4 Kufumba maandishi

Kufuli la mlango huweza kuvunjwa. Je, itakuwaje mwizi akiingia ndani? Watu wa zamani walitafuta njia ya pili: waliyafumba maandishi yenyewe, ili atakayeyapata asiyaelewe. Kuyageuza maandishi namna hiyo ni kuyafumba, na kuyarudisha yalivyokuwa ni kuyafumbua. Kanuni au nambari inayotumika kuyafumba na kuyafumbua huitwa ufunguo.

Katika nchi ya Uingereza aliishi mwandishi wa vitabu vya watoto aitwaye Beatrix Potter, aliyezaliwa mwaka 1866. Alipokuwa na umri wa miaka kama 15, alianza kuandika shajara kwa alama alizozibuni mwenyewe. Kila herufi aliipa alama yake. Aliandika hivyo mpaka alipofikia umri wa miaka kama 30. Alifariki mwaka 1943, na hakuna aliyeweza kuisoma shajara hiyo mpaka mwaka 1958. Tutaona baadaye jinsi ilivyofumbuliwa.

Jaribio la 2: Kutengeneza kifaa cha kufumbia

Vifaa: karatasi ngumu, mkasi, rula na kalamu.

Njia:
1. Kata vipande viwili virefu vya karatasi. Cha pili kiwe na urefu mara mbili ya cha kwanza.
2. Katika kipande cha kwanza andika herufi A hadi Z kwa mstari mmoja. Acha nafasi sawa kati ya herufi na herufi.
3. Katika kipande cha pili andika A hadi Z, kisha uendelee tena A hadi Z, kwa nafasi zile zile.
4. Weka kipande cha pili chini ya kipande cha kwanza. Kisogeze mpaka D iwe chini ya A.
5. Chukua maneno NINA SIRI. Itafute kila herufi katika kipande cha juu, uandike herufi iliyo chini yake.

Umepata QLQD VLUL. Ufunguo wa fumbo hili ni 3, kwa sababu kila herufi imesogezwa mbele hatua tatu. Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, alitumia fumbo la namna hii katika barua zake. Mwenzako akiujua ufunguo, atafumbua maneno yako kwa kusogea nyuma hatua tatu.

10.5 Fumbo hufumbuliwaje?

Wazee husema: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, katika karne ya tisa, aliishi mwerevu wa namna hiyo katika mji wa Baghdad. Aliitwa al-Kindi. Aligundua kuwa herufi hazitumiki sawasawa. Ziko zinazotumika sana na ziko zinazotumika kidogo. Mtu akibadili sura ya herufi, hawezi kubadili wingi wake.

Jaribio la 3: Kuhesabu herufi

1. Chagua aya yoyote ya sura hii yenye mistari kama sita.
2. Hesabu herufi A zote, kisha E, I, O, U, na halafu herufi K, N na W. Andika idadi zake katika jedwali.
3. Linganisha jedwali lako na la mwenzako aliyechagua aya nyingine.

Katika Kiswahili, herufi A huzishinda nyingine zote, isipokuwa kama maandishi ni mafupi mno. Maneno yetu mengi huishia na A, na viambishi wa-, ya-, ka- na -na- huiongeza.

Sasa tazama fumbo hili:

GFGF FSFUFSIF RFMFWFLJ XMFRGFSN

Ni herufi gani inayoonekana mara nyingi? Ni F, nayo imetokea mara 11. Basi tukisie kuwa F inasimama badala ya A. Kutoka A hadi F ni hatua tano. Jaribu kurudi nyuma hatua tano kwa kila herufi. Utapata habari za mzee mmoja aliyeko shambani. Umevunja fumbo bila kupewa ufunguo.

Shajara ya Beatrix Potter ilifumbuliwa na Mwingereza aitwaye Leslie Linder. Alijaribu kwa miaka kadhaa bila kufaulu. Kisha katika ukurasa mmoja aliona nambari 1793 na tarakimu za Kirumi XVI, ambazo hazikufumbwa. Aligundua kuwa mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliuawa mwaka huo. Kwa dokezo hilo dogo alipata neno moja, na kwa neno hilo akapata herufi nyingine, mpaka shajara yote ikafunguka. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1966. Ufa mdogo ulitosha kuuangusha ukuta mzima.

10.6 Fumbo la kompyuta

Kompyuta hufumba tarakimu za 0 na 1 kwa kutumia ufunguo ulio pia tarakimu za 0 na 1. Kanuni mojawapo ni hii: Tarakimu mbili zikiwa sawa, andika 0, zikiwa tofauti, andika 1. Tazama mfano:

Herufi A: 01000001
Ufunguo: 01101100
Fumbo: 00101101

Sasa chukua fumbo hilo, uliweke juu ya ufunguo ule ule, ufuate kanuni ile ile. Utapata 01000001, yaani A imerudi. Ufunguo uliofunga ndio uliofungua.

Mashine halisi hazifanyi tendo hili mara moja tu. Huchanganya tarakimu, huzibadilishana nafasi, na hurudia tena na tena, ili wingi wa herufi usionekane. Njia moja inayotumika sana huitwa AES. Ilibuniwa na wataalamu wawili wa Ubelgiji, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 ilikubaliwa na serikali ya Marekani kuwa kipimo cha kufumbia habari zake. Ufunguo wake mfupi kabisa una tarakimu 128. Kila tarakimu moja inapoongezwa, idadi ya funguo zinazowezekana huwa maradufu. Tarakimu 10 zina funguo 1,024. Tarakimu 20 zina funguo 1,048,576. Kwa tarakimu 128, idadi ya funguo ni nambari yenye tarakimu 39. Hakuna kompyuta iwezayo kuzijaribu zote.

Lakini angalia. Ufunguo huo mrefu mara nyingi hulindwa na neno lako la siri. Mtu akiweka sanduku la chuma nyumbani kisha akauning'iniza ufunguo wake mlangoni, sanduku halimsaidii.

10.7 Kufuta na kunakili

Baada ya kuchekwa, Rehema alifuta ukurasa ule. Je, maneno yalitoweka?

Fikiri juu ya kitabu chenye ukurasa wa yaliyomo. Ukikata jina la sura moja katika ukurasa huo, sura yenyewe ingali ndani ya kitabu. Mara nyingi mashine hufanya vivyo hivyo. Huondoa jina la maandishi katika orodha yake, lakini chaji katika vyumba vile huweza kubaki mpaka maandishi mengine yaandikwe mahali pake. Fundi mwenye ujuzi huweza kuyapata. Maandishi yaliyofumbwa tangu mwanzo ni salama zaidi, kwa sababu atakayeyaokota ataokota fumbo.

Tena, shajara nyingi za simu hupeleka nakala katika kompyuta kubwa zilizo mbali, huenda hata nchi za nje. Watu huita mahali hapo wingu, lakini si wingu la angani. Ni majengo yaliyojaa kompyuta. Nakala hiyo ina faida, maana simu ikizama majini maandishi hayapotei. Lakini ina hatari pia, maana siri ambayo ilikuwa mahali pamoja sasa iko mahali pawili. Kabla ya kutumia shajara ya namna hiyo, muulize mzazi au mwalimu: Nakala huwekwa wapi? Nani awezaye kuisoma? Katika Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo huwataka wanaotunza habari za watu wazilinde. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 husema, katika ibara ya 16, kuwa mtoto naye anayo haki ya faragha.

10.8 Siri ya kutunza na siri ya kusema

Si kila siri hufaa kufungwa. Iko siri ambayo ni yako, nayo haimdhuru mtu: ndoto yako, aibu yako, jina la rafiki unayempenda. Hiyo una haki ya kuitunza. Lakini iko siri ambayo hukuichagua, bali umetwishwa na mtu mwingine. Mtu mkubwa akikugusa vibaya, akikupiga, akikutisha, kisha akasema, "Usimwambie mama," hiyo si siri yako. Ni kosa lake. Usiiache katika shajara peke yake. Mwambie mzazi, mwalimu au mtu mzima unayemwamini. Wa kwanza asipokusikiliza, mwambie wa pili. Katika Tanzania na Kenya mtoto huweza pia kupiga simu nambari 116 bila malipo.

Sasa turudi kwa Rehema. Mama alipojua habari ile alimwita Hamisi.

"Hamisi mwanangu," alisema mama, "mlango usiofungwa vizuri bado ni mlango wa mtu. Hukubisha hodi."

Hamisi aliinama. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Nimekusamehe, kaka," Rehema alijibu. "Lakini usirudie."

Jioni ile Rehema alichagua maneno matano kutoka katika kamusi, akafunga shajara yake upya. Siku ya Jumatatu alirudi shuleni. Kabla ya kipindi cha kwanza alimwendea mwalimu wake, akamweleza mwenyewe habari za kigugumizi chake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumharakisha. Habari ilikuwa ile ile iliyochekwa. Tofauti ni kwamba mara hii mwenye siri ndiye aliyechagua wa kumwambia.

Mambo ya kukumbuka

1. Mashine huhifadhi herufi kwa tarakimu za 0 na 1.
2. Neno la siri liwe refu, nalo lisiwe jina wala tarehe inayojulikana.
3. Kufumba ni kuyageuza maandishi ili asiye na ufunguo asiyaelewe.
4. Fumbo la kusogeza herufi huvunjwa kwa kuhesabu herufi.
5. Kufuta si kuharibu, na nakala moja huzaa nakala nyingine.
6. Usisome shajara ya mtu bila ruhusa yake, hata ukiikuta wazi.
7. Siri inayokuumiza mwambie mtu mzima unayemwamini.

Maswali

1. Andika neno ABC kwa tarakimu za 0 na 1.
2. Kufuli la baiskeli lina tarakimu tatu. Ni nambari ngapi zinazowezekana?
3. Fumba maneno MVUA IMENYESHA kwa ufunguo 4.
4. Kwa nini ni vigumu kulivunja fumbo lenye herufi tano tu kwa njia ya al-Kindi?
5. Eleza kosa moja katika shajara ya Beatrix Potter lililomsaidia Leslie Linder.
6. Mwenzako anataka neno lake la siri liwe jina la mdogo wake. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
7. Umeokota daftari la shajara njiani. Utajuaje mwenyewe bila kuisoma siri yake? Jadilianeni darasani.